Kuhariri PDF kwenye brauza maana yake nini hasa

Kaa nusu saa kwenye steshenari yoyote ya Mtwara mjini msimu wa maombi ya vyuo, utasikia: "Dada, nibadilishie hapo tarehe tu, ni PDF." Hiyo "tu" ndiyo inayomtoa dada jasho. (Na kama ni tarehe ya barua ya ofisi, huko ni kughushi, hata ikibadilika vizuri.)

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango. Lengo lake ni waraka uonekane vilevile kwenye simu ya Newala na kwenye kompyuta ya Dodoma. Kwa hiyo faili haipangi maneno kama Word. Ndani yake kuna maelekezo tu: herufi hii, ya fonti hii, ikae hapa. Ukichomeka neno katikati, lililo mbele halina habari kwamba linapaswa kusogea. Ni kama kanga iliyokwisha kuchapwa jina: kiraka utashona, lakini jina limeshatoka kiwandani.

Ndiyo maana "kuhariri" kwingi kwa bure ni kushona kiraka, yaani kuandika juu ya ukurasa. Kwa kujaza fomu, hilo linatosha kabisa. Brauza ya Firefox ya kompyuta inalo tangu 2022: fungua PDF, bofya alama ya maandishi, andika, hifadhi. Faili haitoki kwenye mashine yako, na bando haliguswi.

Kuunganisha vyeti viwe faili moja, au kutoa ukurasa usiohitajika, ni kazi nyepesi. Tovuti nyingi zinaifanya.

Kugusa maandishi yenyewe ndiko kwenye mtihani. Zipo tovuti zinazojaribu, ila mara nyingi PDF hubeba zile herufi za fonti zilizotumika tu. Kama waraka haukuwa na tarakimu 7, 7 yako itakuja na sura ya ugenini. Na kama ni karatasi iliyopigwa skani, humo hamna herufi hata moja, ni picha. Lazima kwanza programu iitambue na kuigeuza maandishi. Kama waraka ni wako, rudi kwenye faili la Word, rekebisha, kisha toa PDF mpya.

Sasa hiyo bure. Tovuti nyingi huchukua faili lako hadi kwenye seva yao, yaani kompyuta yao iliyoko mbali, zinalifanyia kazi huko, kisha zinakurudishia, pengine na chapa yao imegongwa juu. Nyingine hufanya kila kitu ndani ya brauza. Kuzitofautisha, fungua tovuti, zima data, kisha jaribu. Ikiendelea kufanya kazi, faili halijaenda popote. Ikigoma, usiipe kitambulisho chako cha NIDA.

Halafu kuna wanaoficha namba ya akaunti kwenye risiti ya malipo ya korosho kwa kuiwekea kiboksi cheupe. Kiboksi kinakaa juu. Namba ipo palepale chini, na mtu akikopi maandishi ya ukurasa ataipata. Afadhali ufiche, upige picha ya skrini, kisha utume hiyo picha.