Kaizari kuvaa suti si kuharibu mchezo

Kikundi cha maigizo cha mtaani kikicheza Juliasi Kaizari, tamthilia ya Mwingereza Shakespeare kuhusu mtawala wa Roma ya kale, na kumvalisha Kaizari suti na miwani nyeusi, hakosekani wa kunung'unika: "Shakespeare hakuandika hivi." Kumbe mwenyewe ndiye aliyeanza. Mchezo ulipochezwa London mwaka 1599, waigizaji wa huko kwa kawaida walivaa nguo za zama zao, labda na shuka la Kirumi juu yake. Tena, ndani ya mchezo, wapanga njama ya kumuua Kaizari wakiwa usiku nyumbani kwa mwenzao Brutus, saa inagonga mara tatu. Roma ya Kaizari ilikuwa na saa za kugonga? Wapi! Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, kwa tafsiri yake, akawasemesha Kiswahili Warumi hao hao. Kinachouharibu, kwangu mimi, ni kufupisha hotuba ya Antony, rafiki wa Kaizari, mbele ya maiti ya Kaizari: pale ndipo umati unapowageuka wauaji.