Bandari ni neno la nani?

Swali hili hufika kwenye dawati letu la kamusi mara kwa mara, na muulizaji huwa na jibu lake mkononi: ni Kiarabu. Simlaumu. Kweli Waarabu wanalo, bandar, na kwa wingi husema banadir. Ila Kiarabu kina maneno yake ya kale ya mahali pa kutia nanga, marsa na mina. Hili la bandar ni mgeni kwao kama lilivyo mgeni kwetu. Kwao ni Uajemi.

Katika Kiajemi, band ni kifungo, na pia ni ukuta unaozuia maji. Maziwa ya Band-e Amir, huko Bamiyan nchini Afghanistan, yana jina hilo kwa sababu kuta za mawe zilizojijenga zenyewe zimeyazuia maji yasiteremke. Wanaisimu hulihusisha bandar na mzizi huo: mahali ambapo bahari imezuiliwa, chombo kikafungwa kamba na kutulia.

Fungua ramani ulitafute. Bandar Abbas, kwenye mlango bahari wa Hormuz, ni bandari ya Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno pale mwanzoni mwa karne ya 17. Porbandar iko Gujarat. Ndiko alikozaliwa Gandhi mwaka 1869. Pwani ya Somalia kuanzia Mogadishu hadi Barawa iliitwa Benadir, yaani bandari nyingi, na Barawa ndiko kwenye Chimiini, ndugu wa damu wa Kiswahili. Neno lilipanda hata mto: Waturuki wa dola ya Osmani walipoutwaa mji wa Tighina kwenye mto Dniester, katika Moldova ya leo, mwaka 1538, waliuita Bender.

Mimi hunivutia zaidi kuona kila watu walivyolipa kazi yao. Kwa Wamalay, bandar ni mji. Ndiyo maana mji mkuu wa Brunei, uliobadilishwa jina mwaka 1970, unaitwa Bandar Seri Begawan, na asiyejua hudhani ni gati. Mantiki yake mtu wa Lamu au Kilwa ataielewa haraka: palipotia nanga majahazi ndipo palipokua mji. Melaka, mji wa biashara wa Wamalay, katika karne ya 15 ilikuwa na shahbandar wanne, wakuu wa bandari, kila mmoja akishughulikia wafanyabiashara wa upande wake. Wagujarati peke yao walikuwa na wao.

Iran ya leo ina "bandari" inayofanana na yetu herufi kwa herufi, lakini ni nyingine. I ya mwisho ya Kiajemi hufanya kazi kama "-a" yetu ya uhusiano: bandari ni "cha bandarini", na hivyo ndivyo wanavyoita ngoma ya kusini, yenye mizizi pia ya Waafrika waliofikishwa Ghuba, na hata soseji zilizokaangwa kwa vitunguu na pilipili. I yetu haina maana yoyote. Tumeiweka kwa kuwa Kiswahili hakipendi kuachia neno kwenye r. Na ukiwa Delhi, tahadhari: bandar ya Kihindi ni nyani, neno la Kisanskriti lisilohusiana kabisa. Gati huko utaulizia bandargah.

Sisi nasi tumelifanyia yetu. Tumeliingiza kwenye ngeli ya I-ZI, tukalipa "-ni", kisha tukalizalisha. Bandari bubu ni ufukwe ambapo boti hushusha mafuta ya kula na sukari usiku bila afisa wa forodha, na sijui neno linalolieleza jambo hilo vizuri kuliko bubu: mzigo umepita na hakuna aliyetamka kitu. Bandari kavu ndiyo inayotutia kazini. Ile ya Kwala mkoani Pwani, au ya Naivasha, haina meli wala maji ya chumvi. Kontena hufika kwa reli na taratibu za forodha humalizikia hapohapo. Kamusi ikisema bandari ni "mahali meli zinapotia nanga", Kwala inabaki nje. Kwa hiyo, katika rasimu tunayoiandika, maana ya kwanza ni ya chombo na maji, na ya pili ni mahali mzigo unapopokelewa, kukaguliwa na kuruhusiwa kuendelea na safari.