Kuoga Si Kuogelea: Maji na Mshono Baada ya Upasuaji

Siku hizi kliniki yetu ya vidonda inapokea wagonjwa wengi wanaorudi na mshono uliofumuka au unaotoa usaha. Tukiwauliza habari za maji, tunasikia mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Huyu hajaoga wiki mbili, akiogopa mshono utaoza. Yule ameshaingia baharini, kwa kuwa aliambiwa chumvi inakausha kidonda. Wote tunawahudumia, ila wote wangeweza kuepuka safari hiyo.

Kidonda kilichoshonwa vizuri huanza kufunikwa na ngozi changa ndani ya saa 48. Kuanzia hapo, isipokuwa daktari wako amesema vingine, oga maji yanayotiririka: bomba la mvua, au kujimwagia kwa kata. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, usisugue mshono, kisha ukaushe kwa kuugusagusa na taulo safi. Usipake poda wala spiriti. Mara ya kwanza oga umekaa kwenye kiti, mlango usiufunge kwa ndani na mtu awe karibu, maana kizunguzungu baada ya upasuaji huangusha hata vijana wenye nguvu. Mwenye plasta ngumu, mrija wa kutoa majimaji au kidonda kilichoachwa wazi afuate maelekezo yake mwenyewe, si ya jirani.

Kulowama ni jambo jingine. Ndani ya beseni, bwawa au bahari, ngozi changa hulainika na vijidudu hupata njia. Klorini hupunguza vijidudu, haivimalizi. Bahari yenye joto ina bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, anayeweza kuingia kupitia kidonda na kuua ndani ya siku chache, hasa mtu mwenye ugonjwa wa ini. Mito na maziwa nayo yana bakteria wake. Hii habari ya chumvi ya bahari kuwa dawa tumeikanusha mara nyingi mno, tafadhali, tuiache.

Kuhusu nyuzi: za usoni hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7, za tumboni siku ya 10 hadi 14, za kwenye kiungo kama goti karibu siku ya 14. Muuguzi anaweza kuanza kwa kutoa uzi mmoja na kuuruka unaofuata, huku akitazama kama kingo zinashikana. Zikiachana, anasimama, anazibana kwa vipande vya plasta na kukupangia siku nyingine. Ndiyo maana tunasisitiza uje na karatasi ya kuruhusiwa, inayoonyesha tarehe ya upasuaji na aina ya uzi. Usijitoe nyuzi nyumbani. Usidhani pia kwamba nyuzi zikitoka umepona: wiki ya tatu kovu bado halijafikisha hata theluthi ya nguvu ya ngozi ya awali.

Kwa hiyo, kabla ya kuogelea, aliyefanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi kwa kawaida husubiri wiki 2 hadi 3, tena mpaka kigaga kimeanguka chenyewe na hakuna tone linalotoka. Wa upasuaji mkubwa wa tumbo, na ule wa kujifungua, mara nyingi husubiri wiki 6. Mama asubiri pia damu ikatike. Aliyepasuliwa jicho au ngoma ya sikio asijipangie tarehe kabisa, daktari wake ndiye atakayemruhusu. Aliyewekewa goti au nyonga bandia aulize na mtindo wa kuogelea, kwa sababu teke la chura humsumbua hata kidonda kikiwa kimefunga.

Maambukizi ya mshono yanaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, na kwa mwenye kiungo bandia hata baada ya hapo. Ukiona wekundu unaotambaa, uvimbe, joto, usaha, harufu mbaya, homa, au maumivu yanayozidi wakati yalipaswa kupungua, njoo siku hiyo hiyo, hata kama tarehe yako ya kliniki haijafika. Na utuambie kama uliingia majini, na maji gani. Jibu hilo linatusaidia kuchagua dawa.