Haki yenye mipaka haigeuki kuwa hisani

Ujumbe unaozunguka kila mara katika makundi ya gumzo hudai kwamba haki za kikatiba ni hisani ya serikali, kwa kuwa huwekewa mipaka. Sivyo. Hisani huondolewa bila maelezo, ilhali haki hubanwa kwa mujibu wa sheria na kwa sababu ya lazima, na aliyebanwa anaweza kwenda mahakamani. Katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 19 inaruhusu mipaka ya namna hiyo kwa uhuru wa kujieleza, lakini ibara ya 4 hairuhusu katazo la utesaji na utumwa kusitishwa hata katika hali ya hatari. Mkanganyiko unaeleweka, maana haki ikikiukwa bila mkiukaji kuwajibishwa, huonekana kama haikuwapo. Tafadhali someni vifungu vya mipaka katika katiba yenyewe, na msiusambaze tena ujumbe huo.