Dhamana si mahali pa kwanza pa kutazama

Kila serikali inapotangaza kukopa fedha nyingi kwa serikali nyingine, swali ninaloulizwa ni lile lile: wameweka nini rehani? Bandari? Mgodi? Mimi huanza na kifungu kingine: ni nani anayeweza kudai deni lote kabla ya muda wake, na kwa sababu gani.

Chukua hatifungani ya Ukraine ya Desemba 2013. Rais Viktor Yanukovych alikuwa ametoka kukataa kutia saini makubaliano ya ushirika na Umoja wa Ulaya. Haukupita mwezi, Urusi ikamwahidi dola bilioni 15 pamoja na punguzo la bei ya gesi. Fungu la kwanza, dola bilioni 3, lilikuja kama hatifungani ya miaka miwili kwa riba ya asilimia 5, chini ya sheria za Uingereza. Kwa hali ya Ukraine wakati ule, soko lisingeikopesha kwa riba nafuu hivyo. Lakini ndani mlikuwa na sharti: deni la serikali likivuka asilimia 60 ya pato la taifa, mwenye hatifungani anaweza kudai alipwe mara moja. Na mnunuzi alikuwa mmoja tu: Urusi.

Miezi miwili baadaye Yanukovych alikimbia nchi. Urusi ikaitwaa Crimea, vita vikazuka mashariki, uchumi ukanywea, na kikomo kile kikavukwa. Yaani mdai mwenyewe alichangia kumsukuma mdaiwa hadi pale kifungu kinapoanza kufanya kazi. Moscow haikukitumia, iliridhika kukumbusha kwamba kipo. Kwa uzoefu wangu, hivyo ndivyo vifungu vya namna hii hutumika mara nyingi.

Muda ulipofika, Desemba 2015, Ukraine haikulipa. Mwezi huo huo Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilibadili kanuni iliyokuwa ikilizuia kukopesha nchi yenye malimbikizo ya deni kwa serikali nyingine, kwa hiyo deni la Urusi halikuizuia tena Ukraine kukopa huko. Urusi ikaenda mahakamani London, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba hoja ya Ukraine, kwamba Urusi iliilazimisha kukopa kwa vitisho vya kutumia nguvu, isikilizwe.

(Hambantota nayo, bandari ya Sri Lanka ambayo wengi husema China iliitwaa kwa sababu ya deni, kwa kuwa lazima nitaulizwa: mwaka 2017 Sri Lanka iliikodisha bandari hiyo kwa kampuni ya China kwa miaka 99, ikapata takriban dola bilioni 1.1 zilizoingia kwenye akiba yake ya fedha za kigeni. Mikopo ya China iliyoijenga haikufutwa.)

Nguvu kubwa zaidi ya mkopeshaji, kwa maoni yangu, ni ya kunyima mkopo. Mwaka 1956, majeshi ya Uingereza yakiwa Suez, Misri, na pauni ikiyumba, Marekani iliweka wazi kwamba haitaunga mkono Uingereza ipate fedha za IMF mpaka majeshi hayo yaondoke. London ikakubali kuyaondoa, na Desemba fedha zikatoka.

Lakini Julai ya mwaka huo huo Marekani ilikuwa imejaribu silaha hiyo hiyo kwa Misri, ikaondoa ahadi yake ya kugharimia bwawa la Aswan. Wiki moja baadaye Rais Nasser wa Misri akautaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza haikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Misri ilikuwa nao. Mwaka 1958 Wasovieti walikubali kuikopesha, na bwawa likajengwa.