Weusi wa tope la ziwani si uozo tu

Ukichimba tope jeusi kandokando ya ziwa, Kisumu au Nakuru, utaambiwa ni majani yaliyooza, au mafuta yamemwagika. Mara nyingi chanzo ni salfa. Pasipo na oksijeni, bakteria hugeuza salfeti (chumvi yenye salfa iliyoyeyuka majini) kuwa gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo udongoni, hutokea salfidi ya chuma, na kiasi chini ya asilimia 1 hutosha kuugeuza udongo wa kijivu kuwa mweusi tii.

Hakikisha mwenyewe: chukua bonge bichi la ukubwa wa ngumi, liache kivulini, kesho ulipasue. Ikiwa ni salfidi, nje hewa italipausha liwe la kijivu au kahawia, ndani bado jeusi. Weusi wa uozo haupauki upesi hivyo, wala ule wa udongo wa mbugani Kano, karibu na Kisumu, ambao una asili nyingine kabisa. Ukilivuruga au kulikausha lote juani, ushahidi umepotea.

Wafinyanzi, angalieni zaidi pairaiti, aina nyingine ya salfidi ya chuma: punje ngumu zing'aazo kama shaba nyeupe. Tanuruni hutoa moshi wa salfa unaochoma koo, na huacha vishimo na madoa meusi chunguni. Lowesha udongo, uchuje kwa chekecheo laini, kisha uchome polepole penye hewa tele.