Kisiwa kikitaka nyumba ya urithi, kianze na daftari

Ndugu zetu wa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Kongo, wakishuka boti hapa Bukavu hutuuliza: kisiwa nacho kinaweza kuwa na nyumba ya urithi, pa kutunzia vitu vya wazee na pa kukutania vijana?

Kinaweza, hata kabla ya saruji. Wengi hukimbilia jengo, utepe unakatwa, kisha ndani mnabaki ngoma mbili na picha ya mwami, mfalme wa jadi, ukutani.

Chukueni chungu cha Bambuti, jamii ya asili ya kisiwa. Kikifika tu, andikeni daftarini: nani alikifinyanga, udongo alichimba wapi, alikichoma kwa kitu gani, kilipikiwa nini, nani amekileta na kwa masharti gani. Kipakeni tone la vanishi inayoondoleka kwenye kitako, likikauka andikeni namba juu yake kwa wino. Hivyo inafutika bila kukiumiza. Mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyo katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, na mara nyingi jina la fundi halimo. Hatuna sababu ya kurudia hilo sisi wenyewe. Tena mfinyanzi aulizwe mwenyewe. Bambuti wa Idjwi, wengi wao bila ardhi, wamesemewa vya kutosha.

Kuna urithi usioshikika. Mkataba wa UNESCO wa 2003, ambao Kongo iliuridhia 2010, ndio ulioipa rumba nafasi kwenye orodha ya dunia 2021. Idjwi wana muganuro, sherehe ya mazao ya kwanza, na nyimbo za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Simu inatosha kurekodi. Mzee akisema hapa si pa kila sikio, zimeni. Nakala moja ibaki kisiwani, nyingine ivuke ziwa.

Wala urithi si mambo ya kale tu. Sambaza yenyewe ni mgeni, ililetwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na uhuru wa Kongo. Na kuna kahawa: watu waliivusha usiku kwa mitumbwi kuiuza Rwanda, wengi wakazama. Wajane wao wapo. Wakikubali kusimulia, mimi ningeanza nao kabla ya ngoma yoyote.

Vitu vikishapata namba, adui ni unyevu wa ziwa na mchwa. Vikapu viwe juu ya rafu, mbali kidogo na ukuta, madirisha yafunguliwe siku za jua. Dawa ya kupulizia wadudu isiguse kitu: inaacha madoa, na mtoto atakayekishika atailamba.